Lori Lisilo na Ufunguo

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili za gari, umeegemea ukuta wa duka la rangi ambalo mwenyewe hulifungua akijisikia. Mwishoni mwa ubao hukaa Birika, muuza kahawa, na jiko lake la mkaa na vikombe sita visivyo na masikio. Ng'ambo ya barabara, mbele ya nyumba ya Kamanda, limesimama lori: kubwa, kijani iliyopauka, tairi kumi, lililonunuliwa mnadani siku jeshi lilipoamua kwamba limechoka. Miaka tisa lori hilo lilibeba mawe na mchanga, na kila alfajiri liliamsha mtaa mzima, aliyetaka na asiyetaka. Sasa ni mwezi wa tatu halijatoa hata kikohozi. Na hapo benchini kila asubuhi hukaa wanaume watatu wanaojua sababu, kila mtu na yake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukubali kwamba hajui.

Kamanda hajawahi kuwa askari. Jina hilo alipewa siku aliyoingia mtaani na lori, akalipenda papo hapo, na tangu hapo hutembea amebinua kifua, ingawa hata kuku wake walikuwa hawamtii.

Asubuhi hiyo alifika benchini kabla Birika hajawasha jiko. Siku hizi ndivyo anavyofanya. Nyumba yake ya vyumba viwili haikuwa kubwa mke wake alipokuwa hai. Tangu amzike imekuwa kubwa mno, ukikohoa chumbani unajisikia sebuleni. Chai hapiki tena. Amejaribu mara mbili, na mara zote mbili imetoka ya watu wawili.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwisho. Binti yake anaishi mbali, safari ya basi ya kutwa nzima, na mwezi uliopita alimpigia simu kumwambia: baba, hilo chuma linakuzuia bure, njoo ukae na sisi, chumba cha watoto kina kitanda cha pili. Kamanda akasema hawezi kuliacha lori. Wakavutana mpaka wakafikia ahadi: lisipowaka kufikia Alhamisi ya mwisho wa mwezi, aitwe mkata vyuma alikatekate, naye Kamanda apande basi. Aliahidi haraka kwa sababu alikuwa na hakika litawaka. Basi Alhamisi ndiyo hiyo, na mkata vyuma alisema atafika saa nne.

Hakutaka kwenda. Hana neno na binti yake, hana neno na mkwewe. Ila kule angekuwa babu wa pembeni, wa kuulizwa kama amekula, na hapa, kwenye viti vya lori lile, alikaa na mtu miaka tisa bega kwa bega.

— Saa ngapi sasa? akauliza.

— Saa moja na nusu, Birika akasema. Tulia, kahawa haijachemka.

Wa kwanza kuja alikuwa Volti, fundi redio, na kipimo chake cha umeme kinaning'inia shingoni. Kwa Volti kila tatizo duniani ni la umeme, hata la ndoa.

— Leo tunamaliza kazi, akasema. Nimeliota lile lori.

— Salamu kwanza, Birika akamkumbusha.

— Shikamoo Kamanda.

— Marahaba. Umeota linawaka?

— Nimeota betri.

Greda naye akatokea, mzee aliyeendesha greda la barabara miaka thelathini. Sikio moja liliharibikia humo, kwa hiyo huongea kama anayemwita mtu wa mtaa wa pili. Nyuma yake akaja Wakili, fundi viatu, anayezijua methali zote isipokuwa mahali pa kuzitumia. Wakabanana kwenye ubao, Birika akamimina.

— Sikilizeni, Volti akaanza. Gari la mtu lina betri moja, volti kumi na mbili. Lori la jeshi lina mbili, zimeshikana mkono, volti ishirini na nne. Juzi nimepima, nimepata ishirini na tano. Maana yake umeme upo.

— Kama upo mbona taa haziwaki? Greda akanguruma. Honi hailii. Starta haizunguki. Hata mshale wa dizeli umelala!

— Umeme upo, ila hautoki.

— Hautoki kwa nini?

— Ndiyo hapo sasa. Betri moja inamtegea mwenzake.

— Mtegemea cha nduguye hufa maskini, Wakili akasema kwa huzuni, akapuliza kahawa yake.

— Sawa, lakini ipi inamtegea ipi? Birika akauliza.

— Zinapokezana, Volti akasema.

Greda akatikisa kichwa mpaka kofia ikasogea.

— Mimi nasema tangu mwezi wa kwanza na hamnisikii. Dizeli ina maji!

— Mzee wangu, starta haizunguki, Volti akamwambia taratibu. Maji ya dizeli yatazimaje taa?

— Maji ni maji. Yakishaingia yanafika popote!

— Hapo yuko sawa, Wakili akasema. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na hili lori, jamani, tulilisifu mno.

— Tembo ni pombe, Wakili. Si dizeli.

— Kwani wahenga walikuwa na dizeli? Walisema kwa walichokuwa nacho.

Kamanda alicheka na wenzake, huku jicho liko kwenye kivuli cha ukuta, kinachofupika. Si kwamba hajafanya kitu. Fundi wa kwanza aliziondoa betri zote mbili, akasugua vichwa vyake kwa msasa mpaka vikang'aa, akazirudisha, kimya. Wa pili alishusha starta, akaiosha kwa petroli, akaipiga nyundo kidogo ya kuiamsha, akairudisha, kimya. Wa tatu alifungua ubao wa mishale, akatazama ndani, akafunga. Waya za jeshi, alisema, zote ni nyeusi. Nyekundu hakuna, kijani hakuna, kila waya una kibati chenye namba, na bila kitabu cha namba hizo mtu anapapasa tu. Akaondoka na hakurudi, na bisibisi yake aliisahau humo.

— Mmewahi kujiuliza, Volti akasema akishusha sauti, kwa nini waya zote ni nyeusi?

— Ili adui asijue upi ni upi, Wakili akajibu kama aliyekuwepo.

— Haswa. Na jeshi linalomficha adui waya litamuuzia raia lori hivihivi? Wameweka kidude humo ndani. Ikifika miaka tisa, mtu kule kambini anabonyeza, huku linazimika. Hawataki mali yao izeekee mikononi mwa watu.

— Huyo mtu anabonyezea wapi?

— Ofisini. Ana meza imejaa vitufe.

— Na akikosea akabonyeza cha lori lao?

— Ndiyo maana anafanya kazi peke yake, asisumbuliwe.

Wakili akaweka kikombe chini. Mtu huyu akiweka kikombe chini, benchi hujua kuna jambo.

— Nyinyi mnalitibu hili lori kama la kiraia. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Lori limelelewa kambini. Kule haliombwi kuwaka, linaamriwa. Kamanda, umewahi kuliamuru?

— Kuliamuru vipi?

— Umesimama mbele yake, ukalipigia saluti, ukatoa amri kwa sauti?

— Sijawahi.

— Basi! Miaka tisa linakuvumilia tu. Uvumilivu umekwisha.

Siku nyingine Kamanda angemtukania ukoo. Lakini mfa maji haachi kutapatapa, na saa zilikuwa zinakimbia. Akavuka barabara. Akasimama mbele ya lori, kifua mbele, akapiga saluti, akapaza sauti: "Lori! Washa!" Akapanda, akazungusha kipini cha swichi, akabonyeza kitufe cha starta. Hakuna kitu. Wanawake wawili waliokuwa wakipita na ndoo walicheka mpaka maji yakawamwagikia.

— Umepiga kwa mkono wa kushoto! Wakili akapiga kelele kutoka benchini. Hilo limeona umelidharau!

Kamanda naye akacheka, akapunga mkono. Kisha akabaki mle ndani muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Lori la jeshi halina ufunguo. Lina kipini cha kuzungusha na kitufe cha kubonyeza, basi, kwa sababu vitani hakuna wa kusubiri mtu atafute funguo mfukoni. Kwenye kiti cha dereva kulikuwa bado na mto mnene alioushona mke wake. Alikuwa mfupi, na bila mto haoni barabara. Kila Kamanda alipokaa humo, aliusogeza mto pembeni kwanza, halafu akaegemeza mkono juu yake. Alimkumbuka kupita kiasi. Wala haikuwa kumkumbuka tu. Alimwonea aibu, aibu asiyoweza kuipeleka benchini.

Maana zile alfajiri hazikuwa zake. Aliyekuwa akitoka nje gizani kuwasha lori ni mke wake, binti wa fundi umeme wa magari, aliyekua akishika spana wakati wenzake wanashika mwiko. Kamanda alikuwa ndani, na chai yake. Mwaka ule wa kwanza Wakili alimwambia mbele ya watu, "Kamanda wewe mwanamume, jua halijatoka uko kwenye usukani," naye akanyamaza, na kunyamaza kule kukawa jibu. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kurudi nyuma. Alijiambia haina neno, kuwasha ni kuwasha, kwani kazini kutwa si ndiye aliyekuwa akilizima na kuliwasha mwenyewe kwa kipini hichohicho?

Akashuka, akarudi benchini. Walikuwa wameshaingia kwenye ile hadithi wanayoipenda.

— Lori halina ufunguo, milango haina kufuli, linalala nje miaka tisa, Birika alikuwa akisema, na hakuna aliyeliiba. Unajua kwa nini?

— Wanamwogopa Kamanda, Volti akasema.

— Si wezi walikuja? Greda akadakia. Mwaka ule! Walipanda, wakajaribu, wakakimbia. Waliacha ndala moja!

— Walikiona kivuli changu dirishani, Kamanda akasema. Alishasema hivyo mara nyingi, na leo sentensi ilimtoka bila nguvu.

— Kivuli tu, Wakili akasema. Mtu mzima je?

Wakanywa. Kahawa ilikuwa inaelekea chini, pale inapokuwa nzito na kuanza kukwaruza koo. Birika, ambaye kwa kawaida hana nadharia kwa sababu anauza kwa wenye nadharia zote, akachochea makaa, akasema bila kumwangalia mtu:

— Mimi naona mnahangaika bure. Lilizimika wiki aliyofariki mama. Hilo gari linaomboleza.

Hakuna aliyecheka. Volti akashika kipimo chake kama anayetafuta pa kuweka mikono. Kamanda akainama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa vizuri tu.

Saa nne kasoro mkokoteni ukaingia mtaani na mitungi miwili ya gesi, mmoja mrefu na mmoja mfupi. Aliyeuvuta alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa ovaroli, miwani myeusi ya kazi ameipandisha kichwani. Benchi lilimsubiri mwanamume mwenye misuli. Lilichukua muda kidogo kumkubali.

— Hamjambo. Mwenye lori ni nani?

— Mimi hapa, Kamanda akasema, akasimama.

— Pole na msiba, baba. Binti yako alinieleza. Una hakika nikate?

Kamanda akaangalia benchi. Benchi likaangalia barabara.

— Ahadi ni deni, akasema.

— Haya. Naanza kwa kutoa betri. Sikati chuma chenye umeme, niliwahi kurushwa.

Akavuka. Kamanda akamfuata, na watatu wale wakamfuata Kamanda, vikombe mkononi, Birika akibaki kulinda jiko. Mkata vyuma akafungua sanduku la betri ubavuni mwa lori, akachuchumaa, akatazama. Akatazama tena. Badala ya kushika spana, akaingiza mkono nyuma ya betri, akaufuata waya mmoja mnene kwa vidole.

— Nani fundi wa umeme hapa?

— Mimi, Volti akasema. Betri ni nzima, nimepima mwenyewe. Ishirini na tano.

— Ulipima wapi na wapi?

— Betri kwa betri. Kichwa hiki na kichwa kile.

— Hebu weka ncha moja kwenye betri, nyingine kwenye bodi ya lori.

Volti akaweka. Akagonga kipimo kwa kidole, akakiweka sikioni, kana kwamba kinaongea.

— Sifuri, akasema.

— Basi. Betri ina waya wa kupeleka umeme na waya wa kuurudisha. Huo wa kurudisha hufungwa kwenye chuma cha gari hapa hapa, hatua moja kutoka kwenye betri. Huu haukufungwa hapa. Umepandishwa juu, umeingia chini ya kiti, na umepakwa rangi ufanane na wenzake. Kazi safi sana. Nani aliupandisha?

Wote wakamgeukia Kamanda.

— Sijui, akasema.

— Lori si lako?

— Langu.

Mkata vyuma akasimama, akajifuta mikono kwenye mapaja, akatazama mlango wa lori, kitasa chake kisicho na tundu la ufunguo, ubao wake wa mishale wenye kipini kitupu.

— Nieleze kitu kimoja tu, baba. Halina ufunguo. Milango haina kufuli. Usiku lilikuwa linafungwaje?

Greda akasema "Eeh?" ingawa alikuwa amesikia. Wakili akaanza, "Wahenga walisema," akatafuta, akaacha.

— Ndala moja, Greda akasema polepole, na kwa mara ya kwanza hakupiga kelele. Wale wezi walipanda, wakajaribu, likakataa kuwaka.

Kamanda alijua anaweza bado kunyamaza. Alikuwa na ujuzi wa miaka tisa wa kunyamaza hapo. Lakini aliona mitungi juu ya mkokoteni, na alikuwa amechoka.

— Mke wangu, akasema.

— Mkeo vipi? Wakili akauliza.

— Alikuwa akilifunga mke wangu. Na alfajiri aliyekuwa akiliwasha ni yeye. Si mimi. Sikuwahi kuwa mimi.

— Wewe ulikuwa wapi?

— Ndani. Nakunywa chai. Si unajua breki za hili ni za upepo, likiwashwa kuna kengele inalia mpaka upepo ujae? Basi nikisikia kengele imenyamaza, navaa kofia, natoka. Nakuta amehamia kiti cha pili, ameniachia usukani. Napanda tunaondoka.

— Alikuwa anafanyaje kabla ya kuwasha? mkata vyuma akauliza.

— Sijui.

— Miaka tisa?

— Miaka tisa. Sikuwahi kutoka nikatazama. Jioni alikuwa akiingia ndani ananiambia, "Nimelifunga." Mimi nikidhani ni milango.

— Milango haina kufuli, Volti akasema, si kwa ubaya.

— Najua haina. Nilijua kila siku. Sikuwahi kuwaza.

Kutoka ng'ambo Birika, ambaye masikio yake hayajawahi kukosa neno la mtaa huo, akasema kwa sauti ya upole:

— Angekuambia, Kamanda, kesho yake tungekuwa tunajua benchi zima. Na wezi nao wanakunywa kahawa.

Ilikuwa kweli, na Kamanda alijua ni kweli kabla sentensi haijaisha. Siri ukimpa Kamanda asubuhi, adhuhuri iko kijiweni. Mke wake alililinda lori, akamlinda na yeye dhidi ya mdomo wake mwenyewe, na akamwacha achukue sifa za wezi kukimbia. Usiku wa ndala ile mama huyo alikuwa kitandani, amegeukia ukutani, na Kamanda alipomwamsha kumsimulia alivyowatisha, alisema tu, "Umefanya vizuri, sasa lala."

— Mimi naweza kuufuata huu waya, mkata vyuma akasema. Ni dakika mbili. Lakini naona uufuate mwenyewe. Mtu akificha swichi huiweka mkono unapofika akiwa amekaa. Alikuwa mrefu?

— Mfupi. Alikuwa akikalia huo mto.

— Basi nawe kalia.

Akapanda, akaukalia mto. Kichwa kikagusa turubai la paa, akainamisha shingo. Akashusha mkono wa kushoto pembeni ya kiti, chuma tupu. Akaurudisha nyuma, chini ya ukingo wa turubai la kiti, mahali ambapo mkono wake mrefu ulikuwa ukipita juu siku zote bila kugusa kitu. Akaukunja mkono kwenye kiwiko ili uwe mfupi. Vidole vikakuta kipini kilichoviringishwa kitambaa ili kisigonge chuma wakati wa safari. Akainama kukichungulia. Kilikuwa kipande cha shati lake la mistari, lile alilolitafuta wiki nzima, akamlaumu mke wake kwamba amelitoa sadaka.

Alikaa amekishika. Kisha akakigeuza, na kikageuka kwa wepesi, kitu kilichozoea kugeuzwa kila siku.

Akazungusha swichi. Mishale ikaruka. Akabonyeza starta, lori likatikisika, likakohoa moshi mweusi, likashika. Na kengele ya upepo ikaanza kulia, kali, ile iliyokuwa ikiwakera majirani miaka tisa. Madirisha mawili yakafunguka.

Benchi liliruka kama lililoshinda kombe.

— Si nilisema! Volti akapiga kelele. Umeme upo, ila hautoki! Nilisema au sikusema?

— Maji yamekauka! Greda akajibu. Miezi mitatu juani, dizeli imekauka maji!

— Saluti ilikuwa imeingia, Wakili akasema, inachelewa tu kufika. Mvumilivu hula mbivu!

Mkata vyuma akacheka, akashusha miwani yake kichwani na kuitia mfukoni. Siku yake ya kazi ilikuwa imeharibika, na hakuonekana kuijutia. Birika akamtilia kikombe cha mwisho, mashapo nusu, akampelekea mwenyewe ng'ambo, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu. Wakabishana nani apige simu kwa binti wa Kamanda, na nani kati yao aligundua. Kelele za injini ziliwalazimisha wote waongee kama Greda, na Greda alifurahi sana.

Mshale wa upepo ulipanda polepole. Kengele ikalia, ikalia, ikakata.

Wakageukia lori, wakingojea aingize gia, wamwone akipita mtaani. Kamanda hakugusa gia. Alikuwa ametoka kwenye usukani, amehamia kiti cha pili, kama alivyokuwa akifanya mke wake, mikono juu ya magoti, na anautazama mlango wa nyumba yake, ambao asubuhi aliufunga kwa kufuli kwa nje kwa mkono wake mwenyewe. Lori lilitetemeka. Moshi ukapungua, ukawa mweupe.

Mkata vyuma akakaribia, akaweka mguu kwenye kipandio.

— Upepo umejaa, baba. Unamsubiri nani?

Kamanda hakugeuka. Nyuma yake watu waliokuwa na jibu la kila kitu kwa miezi mitatu walitazama ndani ya vikombe vyao, na ndani hamkuwa na kahawa.